Kaka Aliniachia Nusu ya Kichekesho

Mama Kavukavu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia haraka kabla kicheko hakijarudi, kwa hiyo ukiona mahali mwandiko umekwenda kombo ujue hapo ndipo kiliporudi, nikaweka kalamu chini, nikajifuta machozi kwa aproni, nikaendelea. Naomba uniambie la kufanya, maana hapa nyumbani kila mtu ana la kusema na hakuna hata mmoja mwenye la kufanya.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo ya viti viwili na kikaushio kimoja cha nywele, kile cha kuvikwa kichwani kama sufuria, na nilikuwa na kaka mmoja tu, baba mmoja mama mmoja, kazi yake kuchora mabango ya maduka, watu wakimwita Fundi Herufi. Ungemwona kazini hata mara moja usingemsahau, kwa sababu kila akimaliza herufi alikuwa anashuka kwenye ngazi, anavuka barabara, anasimama upande wa pili na karanga zake mkononi, anafumba jicho moja, anaitazama ile herufi kwa mbali, anasema "Mbaya," kisha anavuka tena na kupanda kuirudia, yaani neno moja lilimla siku nzima mpaka wenye maduka wakawa wanachagua majina mafupi. Basi mwaka huu kaka huyo alianguka kutoka kwenye ngazi hiyohiyo akafa, na alikuwa anaandika bango kwenye ukuta wa duka la magodoro. Duka la magodoro, Mama! Magodoro yamepangwa ndani mpaka yanagusa dari, na yeye kaangukia sementi ya nje. Samahani. Ngoja.

Nimerudi. Siku ya mazishi huyo muuza magodoro alikuja kutupa pole, kavaa suti, mtu wa heshima zake, akanishika mikono yote miwili akasema, "Dada yangu, mkihitaji chochote, duka ni lenu," nami nikacheka, na sisemi nilitabasamu, nilicheka kwa sauti mpaka nikakaa chini, shangazi zangu wakanifunika shuka kichwani wakawaambia watu nalia, na wengine wakaja kunibembeleza juu ya shuka huku mimi humo ndani nazidi kucheka. Tangu hapo kicheko kinanijia kinavyotaka, benki, kwa daktari wa meno, nikimsuka bibi harusi, na wateja wameanza kuniuliza kama nina kinywaji nyuma ya pazia.

Lakini kilichonifanya nikuandikie si kicheko. Ni kwamba hatujui kaka alikufaje. Namaanisha kuanguka tunajua, ila hakuna aliyemwona. Muuza magodoro alikuwa ndani na mteja, akasikia kishindo akatoka. Polisi wakaandika kaanguka, wakafunga faili. Daktari akatuambia yeye amepima alivyoumia, hakupima alichokuwa anawaza. Na mwanzoni mwa mwaka, Mama Kavukavu, kaka aliugua huzuni, mtu aliyekuwa anavuka barabara kwa ajili ya herufi moja akawa analala mchana na viatu miguuni, ndevu zimemjaa, ukimpa chai inamwishia joto mkononi, na siku moja akaniambia, "Dada, nisingekuwepo mngepumzika," nikamwambia asiniletee upuuzi, nikamkokota mpaka zahanati, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na taratibu akarudi. Akarudi kabisa! Akanyoa, akaanza kupiga mluzi bafuni, wiki zake za mwisho alikuwa na furaha ya kuwaudhi majirani.

Sasa furaha hiyohiyo moja kila mtu kaifanya ushahidi wake. Mama yetu anasema mtu anayepiga mluzi hajiui, mwanawe aliteleza, na atakayesema vingine asiguse chai yake. Mjomba wetu, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba hata wasiomhusu, anasema furaha ya namna ile ndiyo yenyewe, alikuwa ameshaamua, na mbona mkanda wa kujifungia kwenye ngazi ulikutwa nyumbani kwenye msumari? Mama anajibu mkanda huo haujatoka kwenye msumari tangu ulipoletwa kwa sababu ulimbana tumbo, na hilo ni kweli. Mjomba anasema aligawa redio yake wiki ileile. Mama anasema mtoto huyo aligawa vitu maisha yake yote, viatu vya marehemu baba aliwahi kuvigawa baba akiwa bafuni, na hilo pia ni kweli, baba alikwenda kazini na ndara. Wanabishana hivi chakula mezani, mimi nageuza shingo huku, nageuza shingo kule, mpaka shingo imeniuma kweli.

Na aliyeongea naye mwisho ni mimi. Alinipigia simu mchana, nina mteja chini ya kikaushio, akasema, "Acha unachofanya, sikiliza. Mbuzi kaingia saluni kwako, kakaa kwenye kiti, kakunja nne, kasema, Dada nipendezeshe, nimealikwa harusini. Wewe ukamwuliza, Umealikwa kama nani? Mbuzi akakutazama kwenye kioo, akasema..." Hapo nikasikia harufu ya nywele, nikapiga kelele, "Subiri, mteja anaungua!" Naye akacheka sana, akasema, "Haya mwokoe, nitakumalizia jioni." Akakata. Jioni ya siku hiyo tulikuwa hospitali tunasubiri kuitwa, na hatukuitwa kwa habari njema.

Mama Kavukavu, mbuzi alisema nini? Nimemwuliza kila anayekaa kwenye kiti changu. Mmoja anasema, "Kama mchuzi." Mwingine anasema, "Kama mgeni rasmi, ila sijaonyeshwa meza." Muuza magodoro alisema, "Kama shemeji," akacheka peke yake. Mjomba kamchukua mpaka mbuzi, anasema mbuzi ndiye kaka mwenyewe, anajua anakokwenda. Mama anasema mtu anayesema jioni ana mpango wa kuiona jioni. Ningemwamini, ila kaka hajawahi hata siku moja kumalizia kichekesho siku aliyoahidi, alikuwa anakuacha nacho wiki nzima ili umbembeleze.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikaichukua ile ngazi, nikaenda dukani, nikamwomba muuza magodoro magodoro yake, akayatoa nje na nailoni zake, akaniomba nisizichane kwa sababu magodoro bado ni ya kuuza, nami nikapanda na aproni yangu ya saluni. Sikwenda juu sana, usianze kunigombeza. Nikaanguka kwa kuteleza, nikaanguka kwa kujiachia, nikateleza tena kwa mguu mwingine, nione kama vinatofautiana, watu wakajaa, mwenye genge la mboga akalifunga aje kutazama, mmoja akapiga makofi, na mimi nacheka juu ya godoro nashindwa kuinuka. Havitofautiani. Nailoni inalia vilevile. Ndipo nikageuza kichwa nikamwona binti wa kaka kasimama ng'ambo ya barabara na sare za shule, palepale alipokuwa anasimama baba yake.

Baba yake alimpa jina la Kwanini, kwa sababu tangu aanze kusema hilo ndilo neno lake. Mama yake aliolewa mji mwingine, kwa hiyo mtoto amelelewa na sisi tangu alipoanza shule. Jioni ile akaniuliza, "Shangazi, baba aliteleza au alijiachia?" Kumbe shuleni wameshamwambia. Nikasema nitakujibu Jumapili. Jumapili ikafika nikasema Jumapili ijayo. Sasa haulizi tena, Mama Kavukavu. Mtoto anayeitwa Kwanini haulizi. Ananitazama tu, na mluzi aliofundishwa na baba yake ameuacha, na kila siku anapita mbele ya ule ukuta ulioandikwa MAGODO, herufi mbili zimebaki, na muuza magodoro anaona haya kumwita fundi mwingine.

Nikimwambia aliteleza, halafu ukubwani akaja kuamini vingine, ataniona mwongo. Nikimwambia alijiua, na kumbe aliteleza, nimemsingizia marehemu kwa mwanawe wa pekee. Mama kanikataza hili, Mjomba kanikataza lile. Nikimpoteza na huyu sina mwingine. Nimwambie nini? Na hiki kicheko, je, ni wazimu?

Msusi Anayecheka

*

Msusi Anayecheka, marahaba. Kwanza shuka kwenye ngazi.

Nimesema shuka, na uirudishe stoo, na ufunguo mpe mama yako. Barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye nailoni nilicheka mpaka mhariri akaja kuuliza kulikoni, nikamsomea, akacheka naye, halafu sote wawili tukatazamana. Kwa hiyo la wazimu limekwisha. Kama wewe ni mwendawazimu basi gazeti hili linatengenezwa na wenzako. Umefiwa na mtu aliyekuchekesha maisha yako yote, mbele ya duka la magodoro, ulitaka utoe sauti gani? Cheka. Ukimaliza kucheka utalia, na ukimaliza kulia utacheka tena, na bibi harusi mwambie tu ukweli kwamba umefiwa, atakuelewa.

Sasa nakuuliza jambo moja, na nauliza kwa jina lake bila kuzunguka, kama ninavyomwuliza kila anayeniandikia kuhusu kifo cha namna hii. Wewe mwenyewe unawaza kufa? Kule juu ya ngazi kulikuwa na dakika hata moja uliyotamani magodoro yasiwepo? Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ndogo ya kunong'ona, acha kusoma hapa, mwambie mtu mzima aliye karibu nawe sasa hivi, akusindikize zahanati ileile uliyompeleka kaka yako. Kama jibu ni hapana, nafurahi, na zahanati utakwenda vilevile wiki hii, ukaongee na yule aliyekuwa anaongea na kaka yako. Mzigo huu umeubeba na aproni ya saluni kwa muda wa kutosha.

Ulichokuwa unatafuta kwenye ngazi nakijua. Ulitaka mwili wako ukuambie alichowaza yeye. Hauwezi, mwanangu. Ungeanguka mpaka nailoni zote zichanike, bado ungekuwa wewe unayeanguka, siyo yeye. Daktari hakupima, polisi hawakuona, wewe hukuwepo. Kuna uwezekano aliteleza. Kuna uwezekano ule ugonjwa ulimrudia ghafla akajiua. Nimeliandika neno hilo, na unaona, nyumba haijaanguka. Yote mawili yanawezekana, na huenda hutajua mpaka unaingia kaburini ukiwa bibi kizee mwenye meno mawili. Hilo linauma kuliko jibu lolote, nami sitakudanganya kwamba litaacha kuuma. Utalizoea kama anavyozoea mtu goti bovu, anajua ni ngazi zipi za kupanda polepole.

Mjomba nampenda kama ninavyopenda jiwe ndani ya kiatu. Mwambie hivi mbele ya watu, mara moja tu: "Mjomba, hukuwepo." Akianza tena, "Mjomba, hukuwepo." Usiongeze neno. Mama yako mwache na kuteleza kwake, ni mzazi, amezika mtoto, hiyo ndiyo fimbo anayotembelea, usiende kumnyang'anya. Lakini asikulazimishe wewe kuapa. Akikuuliza aliteleza, si ndiyo, mjibu, "Mama, sijui, na nimemkumbuka sana." Atakasirika. Chai atakupa.

Na ile furaha ya wiki za mwisho wamrudishie mwenyewe! Nani kawapa ruhusa ya kuikatakata kuwa ushahidi? Kama aliteleza, alikuwa na furaha. Kama ugonjwa ulimrudia siku ile, zile siku za kunyoa na kupiga mluzi bado zilikuwa siku zake za kweli, na wewe ndiye uliyemkokota akazipata. Ulimwambia asikuletee upuuzi, sawa, ulimi wako ni mkali, nami sina haki ya kukusema kwa hilo. Lakini miguu yako ilimpeleka zahanati. Na simu usiniambie uliikatiza. Umeandika mwenyewe alichosema. Alisema, "Mwokoe." Ulifanya alichokuambia kaka yako.

Tuje kwa Kwanini. Wewe Msusi, hapa nakugombeza kwelikweli. Mtoto kauliza swali, umempa Jumapili. Kaja Jumapili, umempa nyingine. Unafikiri unamlinda, na yeye anajifunza kwamba baba yake ni jambo lisilotajwa. Jumapili hii hii, usiivuke. Mkalishe, mwambie hivi kwa maneno yako: baba yako alianguka kwenye ngazi akafa. Kabla ya hapo aliugua ugonjwa wa huzuni, akatibiwa, akapata nafuu. Hakuna aliyemwona akianguka, kwa hiyo hatujui kama aliteleza au kama ugonjwa ulimfanya ajiue. Hukusababisha wewe, hata kidogo, hata siku ulipomkasirisha. Alikupenda, na hilo tunalijua kabisa. Uniulize tena wakati wowote, hata nikiwa na mteja. Basi. Usimpambie, usimnong'oneze, na ukilia lia. Mwalimu wake naye mwambie, ili wale watoto wafungwe midomo.

Kama unaogopa kuanza, anza na mbuzi. Msimulie kama baba yake alivyokusimulia, mpaka kwenye kioo, kisha simama. Usimpe mwisho wa wateja wako. Usimpe shemeji wa muuza magodoro, nakuomba sana. Mwambie, hapa ndipo baba alipoishia, na mimi sijui mbuzi alijibu nini. Atakasirika. Kasirikeni wote wawili. Halafu mwambie lile jingine kwa sauti ileile.

Na ule ukuta uandikwe. Mtafuteni fundi mwingine amalizie herufi mbili zilizobaki, muuza magodoro asione haya. Mpeni na ule mkanda ulio kwenye msumari, ukimbana tumbo umbane hivyohivyo. Mkanda hauna mkosi wowote, kuutundika ndiko kwenye mkosi.

*

Wasomaji, mtoto hasubiri gazeti, kwa hiyo majibu haya nilimsomea Msusi kwa simu kabla ya kuyachapa. Jumatatu akanitumia ujumbe huu, na ameniruhusu niuweke.

"Mama Kavukavu, nimeshuka. Ufunguo anao mama. Jana nilimkalisha Kwanini kwenye kiti cha saluni nikawa namsuka ili tusitazamane, nikamsimulia yule mbuzi. Akasema, 'Halafu?' Nikasema hapo ndipo baba alipoishia. 'Sasa mbuzi alijibu nini?' Sijui. Akakasirika kama ulivyosema, akapiga teke ukuta. Nikamwambia na lile jingine lote, sijui hata nilikuwa nasuka nini. Akauliza, 'Wewe hujui?' Sijui. 'Na bibi?' Hajui. 'Na Mjomba?' Huyo ndiye hajui kabisa. Akashusha pumzi, mabega yakashuka mpaka nikalazimika kuinama na kitana. Akasema, 'Kumbe! Mimi nilidhani wote mnajua, mmenificha mimi peke yangu.' Tukalia, halafu nikaanza kucheka, naye akaanza, mteja wa kiti cha pili akaanza bila kujua kwa nini. Tulipotulia akashuka kwenye kiti, akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja, akazitazama nywele zake kwenye kioo kwa mbali. Akasema, 'Mbaya. Rudia.' Nikafumua, nikarudia."